Tunagombania kikombe, dirisha tumelifunga

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, kituo cha magari cha Moi's Bridge hujaa watu wa aina mbili. Wapo wenyeji waliosimama kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale wakiwangojea jamaa zao, na wapo wanaoshuka kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa, begi mgongoni, mtoto mkononi, mikate na sukari kwenye mfuko. Malori ya mahindi yamepiga foleni kuelekea maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB). Mvua imekatika, vumbi la kupukuchua mahindi limetanda kila boma, na usiku baridi ya huku juu haina mzaha. Karibu kila mtu anakohoa.

Mwenyeji anakohoa kwa sababu ameshinda wiki mbili kwenye mashine ya kupukuchulia. Anayetoka Nairobi anakohoa kwa sababu amefungiwa ndani ya gari tangu alfajiri, madirisha yote yamefungwa, abiria wamebanana. Hakuna awezaye kusema kikohozi kipi ni cha vumbi na kipi kimebeba ugonjwa. Lakini kila mmoja ana hakika kwamba kikohozi cha hatari ni cha mwenzake. Wa kijijini anasema ugonjwa unaletwa na watu wa mjini. Wa mjini anasema watu wa kijijini hawaendi hospitali mpaka wabebwe.

Hapo ndipo sherehe nyingi huharibikia. Familia hazigombani kwa sababu zinaogopa ugonjwa, maana kuogopa ugonjwa ni akili. Zinagombana kwa sababu ya njia inayotumika kuonyesha hofu hiyo. Ukiitazama njia hiyo kwa makini unagundua jambo la ajabu: hatua zinazomtukana mtu mara nyingi ndizo zenye kinga ndogo, na zile zenye kinga kubwa hazimtukani yeyote, kwa kuwa zinamhusu kila aliyepo.

Mji wa Moi's Bridge unafaa kuwa mfano. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey aliyejenga daraja kwenye Mto Nzoia. Leo uko pale Kaunti ya Uasin Gishu inapokutana na Trans Nzoia na Kakamega. Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii na Waturkana wanalima, wanafanya biashara na wanaoana hapa. Nyanya anaitwa kogo katika boma hili, kukhu katika boma la pili, cucu katika la tatu. Vyakula vinatofautiana, nyimbo zinatofautiana, lakini mzozo wa Desemba ni uleule.

Krismasi ya barakoa

Mzozo huu ni wa zamani, ila Krismasi ya 2020 ndiyo iliyouanika. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa 13 Machi mwaka huo. Kuanzia 6 Aprili eneo la Nairobi lilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia bila kibali, hadi 7 Julai. Barabara zilipofunguliwa, serikali haikuwakataza watu kwenda mashambani, iliwasihi tu. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alionya mara kwa mara kwamba wazee walioko vijijini ndio waliokuwa hatarini zaidi, na kwamba kijana anaweza kuwapelekea ugonjwa ilhali yeye mwenyewe hajisikii vibaya. Mtu akisihiwa, uamuzi unabaki wake. Mzigo uliokuwa wa Ikulu ukahamia sebuleni.

Tukumbuke hali ilivyokuwa Desemba hiyo. Kafyu ilikuwa ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Shule, isipokuwa za madarasa machache, zilikuwa zimefungwa tangu Machi na zingefunguliwa 4 Januari. Chanjo haikuwepo, dozi za kwanza za AstraZeneca zilitua nchini 3 Machi 2021. Wauguzi na maafisa wa kliniki walianza mgomo 7 Desemba. Siku hiyohiyo taifa lilipata habari za kifo cha Dkt Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa corona Machakos, na ambaye hakuwa amelipwa kwa miezi kadhaa. Madaktari nao wakaingia katika mgomo 21 Desemba, siku nne kabla ya sikukuu.

Kwa hiyo mtoto wa Nairobi aliyeuliza, "Mama akizidiwa usiku wa Krismasi tutampeleka wapi?" hakuwa mwoga wala mwenye maringo. Aliuliza swali la haki. Lakini ndugu yake aliyejibu, "Mama hajawaona wajukuu mwaka mzima, na ni yeye anayesema mje," pia alikuwa na haki. Na mama mwenyewe, ambaye wote wawili walidai kumsemea, alikuwa na neno lake ambalo wazee wengi huwa nalo: nikifa, nife nimewaona.

Kisha ikaja Pasaka. Tarehe 26 Machi 2021, siku chache kabla ya Ijumaa Kuu, Rais Uhuru Kenyatta alifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kutoka kaunti hizo kwenda Moi's Bridge kukawa hakuwezekani. Watu walinung'unika sana, nauli zilipotea, mipango ikavunjika. Hata hivyo, hakuna ndugu aliyemnunia ndugu yake. Wote walimnunia Rais. Mama aliyebaki peke yake na jogoo wake hakujiona amekataliwa na wanawe, kwa sababu hata jirani yake alikuwa peke yake.

Desemba 2021 uamuzi ulirudi tena nyumbani. Kafyu ilikuwa imeondolewa 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Aina mpya ya virusi vya corona, Omicron, ilikuwa imeingia, na wiki ya Krismasi sehemu kubwa ya waliopimwa walipatikana na virusi. Sasa mgawanyiko ukawa wa chanjo: nani amechanjwa, nani hajachanjwa, nani anajifanya amechanjwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba asiyechanjwa hatapata huduma za umma kuanzia 21 Desemba, Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo, watu walitumiana makala za madaktari na za matapeli kwa bidii ileile. Mwaka huo wengi walisafiri, na wengi walirudi mjini wakiwa hawasalimiani.

Ukizilinganisha sikukuu hizo tatu utaona kwamba kiwango cha hofu hakikuamua kiwango cha ugomvi. Pasaka ya 2021 ilikuja wakati wa wimbi kubwa la ugonjwa, lakini ndani ya familia kulikuwa na utulivu. Amri ilimkumba kila mtu, kwa hiyo hapakuwa na aliyetengwa.

Kikombe chenye uzi mwekundu

Tuseme kuna boma moja nje kidogo ya mji, upande wa mto. Halina jina kwa sababu yako mengi yanayofanana nalo. Mama mwenye boma amepita miaka 70 na anatumia dawa za sukari na presha. Mwanawe wa kwanza amekuja kutoka Nairobi na mkewe na mtoto wa miezi mitano. Mwanawe wa tatu, anayefanya kazi ya kupakia magunia, amekohoa tangu Novemba. Shangazi amekuja kutoka Kitale kuongoza jikoni kama kila mwaka.

Asubuhi ya tarehe 24 chai inamiminwa. Vikombe vimepangwa kwenye sinia, na kimoja kimewekwa kando, kwenye dirisha la jiko. Kishikio chake kimefungwa uzi mwekundu. Hakuna aliyesema lolote. Yule kijana anayekohoa anaingia, anaangalia sinia, anaangalia dirisha, anakichukua kile chenye uzi. Anakunywa akiwa amesimama nje. Jioni hayupo mezani. Kesho yake anakwenda kula kwa rafiki yake sokoni, na mama hagusi nyama yake.

Aliyefunga uzi hakuwa na nia mbaya. Lakini katika Kenya yetu kikombe cha peke yake kinakumbusha mengi. Kabla na hata baada ya Rais Daniel arap Moi kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, wagonjwa katika nyumba nyingi walipewa kikombe chao, sahani yao, kijiko chao na beseni lao. Watoto walionywa wasiviguse. Sayansi ilikuwa imekwisha kusema wazi kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa vyombo vya chakula, lakini uzi uliendelea kufungwa. Karibu kila familia ya eneo hili ina mtu aliyekufa akinywea kikombe cha peke yake. Mama wa boma letu huenda alimuuguza dada yake hivyo. Anapouona ule uzi hafikirii mafua. Anamwona dada yake.

Uzi huo haumkingi mtu dhidi ya kinachoogopwa zaidi katika boma hilo, yaani kifua kikuu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo, na kijana anayekohoa kwa wiki nyingi lazima apimwe makohozi. Upimaji na matibabu ni bure katika hospitali za umma, na dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi sita. Lakini kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe, sahani wala kwa kusalimiana kwa mkono. Kinapita hewani, na hasa kwa watu wanaokaa pamoja muda mrefu mahali pasipo na hewa ya kutosha. Mgonjwa wa kifua kikuu kisicho sugu akishaanza kumeza dawa sawasawa, kwa kawaida uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache.

Sasa twende usiku wa tarehe 24 katika boma lilelile. Nyumba imejaa. Makochi yamesukumwa ukutani, magodoro yametandikwa sakafuni sebuleni, na watu wanane wamelala wamepangwa kama magunia. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mbu na wezi. Yule anayekohoa amewekwa katikati, kwa kuwa ndiye anayehitaji joto. Atakohoa hapo mpaka kuche. Asubuhi watu wote wataamka, watanawa uso, na watakwenda kuhakikisha kwamba hawajachukua kikombe chenye uzi.

Ndiyo maana nasema tunagombania kikombe na dirisha tumelifunga. Mlo wa Krismasi unachukua saa moja, tena mara nyingi unaliwa nje chini ya mti au kwenye hema la kukodi, upepo ukipita. Usingizi unachukua usiku mzima. Mabishano yote yako kwenye mlo, hatari yote iko kwenye usingizi.

Tusijilaumu kupita kiasi kwa kulisahau dirisha. Tarehe 28 Machi 2020 hata WHO iliutangazia ulimwengu kwamba corona haisafiri hewani, ikasisitiza kunawa mikono na kukaa mbali kidogo. Baadaye ilibidi ikubali kwamba hewa ya ndani ilikuwa njia kubwa ya maambukizi. Kenya nzima iliweka madumu ya maji yenye mifereji mbele ya maduka, na makondakta wakawanyunyizia abiria dawa viganjani kabla ya kufunga madirisha ya matatu. Kunawa mikono kulisaidia na bado kunasaidia dhidi ya magonjwa mengi. Lakini somo tulilobaki nalo ni kwamba ugonjwa unakaa kwenye mikono na vyombo vya mtu fulani, kumbe mara nyingi unaelea katika chumba chetu sote.

Nani ana ruhusa ya kusema?

Rudi kwa yule mke wa mwana wa kwanza, mwenye mtoto wa miezi mitano. Amesafiri usiku kucha, na alipofika mtoto alinyakuliwa mlangoni. Amepitishwa kwa watu kumi, kila mmoja akimbusu shavuni. Mama mtoto anatabasamu, lakini moyoni anahesabu. Katika ratiba ya chanjo ya Kenya, dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Kabla ya hapo hana kinga ya chanjo hiyo. Kikohozi ambacho kwa mtu mzima ni cha kunywa chai ya tangawizi kinaweza kumlaza hospitalini mtoto wa umri huo. Hofu yake ina msingi kabisa.

Lakini anamwambia nani? Mkaza mwana hawezi kumwambia mama mkwe, "Mama, usimbusu mtoto." Akilisema hilo mbele ya mawifi, litasimuliwa mpaka mtoto amalize shule. Mwenye kinywa hapo ni mumewe, na kazi yake anajua kuikwepa: anajifanya anaangalia ng'ombe. Katika ugomvi mwingi wa namna hii niliousikia, kosa ni lilelile. Aliyeona hatari hana cheo cha kusema, mwenye cheo cha kusema amenyamaza, na mwishowe neno linatoka kwa hasira, mahali pabaya, mbele ya watu.

Kanuni ya kwanza basi ni kila mtu aseme na damu yake. Mume azungumze na mama yake, kwa adabu na mapema, kabla familia haijapanda gari. Shemeji asitumwe kumwambia shemeji. Mtoto wa mwisho asitumwe kumwambia kaka mkubwa asije. "Mama, mtoto bado mchanga, daktari amesema asibusiwe mpaka achanjwe, tutamleta umshike ukiwa umenawa," ni maneno ambayo mama yeyote anayaelewa yakitoka kwa mwanawe. Yakitoka kwa mke wa mwanawe, hata yakiwa ni yaleyale, ni vita.

Upande wa wazee kuna swali gumu zaidi. Watoto wa mjini huzoea kuamua juu ya kichwa cha mama: asitembelewe, asishikwe, aletewe chakula mlangoni. Wanasema wanamlinda. Lakini mama huyo aliendesha shamba, alilipa karo, alizika mume, na ana akili zake timamu. Hatari inayozungumzwa ni ya mwili wake. Aelezwe kila kitu kwa lugha anayoielewa, sukari yake na presha yake vinamaanisha nini akipata homa kali, kisha aulizwe anataka nini. Akisema wajukuu waje, basi kazi ya wanawe ni kutafuta namna ya kuja isiyomuumiza. Kumfungia nyumbani si sehemu ya kazi hiyo.

Wakati hofu ina haki ya kuwa kali

Itakuwa uongo nikisema kila hofu inatulizwa kwa kufungua dirisha. Kuna magonjwa ambayo kumtenga mtu ni lazima, na chombo kina maana.

Mfano mmoja uko ng'ambo ya mpaka, ambao kutoka Moi's Bridge si mbali ukipitia Kitale kuelekea Suam. Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan 20 Septemba 2022. Hadi ulipotangazwa kuisha 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa na 55 kati yao walikufa. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa katikati ya Oktoba na kufunguliwa wiki moja hivi kabla ya Krismasi. Ebola hupitia kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na kumwosha marehemu, heshima kubwa tuliyo nayo kwa wafu wetu, ndiko kulikokuwa hatari. Katika hali kama hiyo hakuna mjadala wa heshima. Mgonjwa anaguswa na wahudumu waliojikinga, basi.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Kenya Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru, Kaunti ya Kiambu. Wageni walikula, wakarudi makwao, na katika miezi iliyofuata ugonjwa ukafika kaunti zaidi ya 20. Kipindupindu hakipiti hewani. Kinapita kwenye maji, chakula na mikono ya anayepika. Kwa hiyo katika boma letu, mtu ambaye jina lake lingepaswa kutajwa bila kuonewa haya ni shangazi wa Kitale, ikiwa ameharisha usiku na asubuhi yuko kwenye sufuria. Ndiye mwenye cheo kikubwa jikoni na ndiye asiyeweza kuulizwa. Ajabu ni kwamba kijana anayekohoa amepewa uzi mwekundu, na shangazi amepewa mwiko.

Kuogopa ni sharti kufuatwe na swali: ugonjwa huu unapita wapi? Kama ni hewani, toeni watu nje, fungueni madirisha, anayekohoa avae barakoa na alale chumba chake, hata kama kwa hilo mgeni mmoja itabidi alale kwa jirani. Kama ni tumboni, maji yachemshwe au yatiwe dawa, vyombo vya wote vioshwe kwa sabuni, na anayeumwa tumbo apumzike asiingie jikoni. Kama ni kwa kugusana, hospitali ndiyo yenye neno. Familia isiyouliza swali hilo huishia kuadhibu mtu badala ya kuzuia ugonjwa.

Na adhabu ina gharama yake. Aprili 2020, huko Ukwala, Siaya, mfanyakazi wa bandari aliyekuwa amesafiri kutoka Mombasa alizikwa usiku na maafisa waliovalia mavazi meupe ya kujikinga. Picha zilienea nchi nzima. Miezi iliyofuata, watu wengi waliofiwa au waliougua hawakutaka hata kulitamka jina la corona. Ilikuwa presha, ilikuwa malaria, ilikuwa homa ya kawaida. Mtu akiona kwamba kusema ukweli kunaletea nyumba yake aibu, atanyamaza, na kimya chake kitaambukiza wengi kuliko kikombe chake.

Mambo haya yazungumzwe Novemba

Familia nyingi za hapa hupanga Krismasi kuanzia Novemba. Kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mhazini, kuna orodha ya waliochanga na wasiochanga. Mbuzi anajadiliwa kwa kina: nani analeta, nani anachinja, mguu unakwenda kwa nani. Ugonjwa haujadiliwi. Unangojewa ufike langoni pamoja na mgeni, wakati nauli ya sikukuu, ambayo kila mtu anajua inavyopandishwa, imekwisha kulipwa na watoto wamelala mgongoni. Onyo linalotolewa wakati huo, hata liwe la kweli kiasi gani, linasikika kama kufukuzwa.

Onyo hilohilo likitolewa Novemba ni sehemu ya mipango. Mnapochanga pesa za mbuzi, changeni pia za hema moja la ziada, ili hata jioni watu wakae nje au penye upepo. Muulizane ni nani ana mtoto mchanga, nani ana sukari, nani amekohoa kwa zaidi ya wiki mbili. Anayekohoa hivyo apimwe mapema, na watu wa nyumba moja naye wapimwe, kabla ya nyumba kujaa. Tangu Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wenye vifaa vya kupima joto, presha na sukari, wengi wa vijijini wana mtu wa karibu wa kumuuliza kabla ya kufika kwa daktari. Na kama mtu ameamka na homa siku ya safari, kuwe na makubaliano ya tangu awali kwamba atabaki, mchango wake utahesabiwa, na atakuja Januari au Pasaka bila kuitwa mwenye maringo aliyesahau nyumbani.

Lakini lililo muhimu zaidi ni nani anayetangaza kanuni hizo na zinamhusu nani. Tazama tunavyonawa mikono kabla ya kula. Mtoto anazunguka na birika, beseni na sabuni, anaanza na wazee, anamalizia na watoto wenzake. Sijapata kumsikia mgeni akiuliza, "Kwani mnaniona mchafu?" Anaona mzee wa boma amenawa kwanza, naye ananyoosha mikono. Hakuna kinga iliyo rahisi na yenye adabu kama hiyo, na tumekuwa nayo tangu zamani. Kila kanuni mpya inapaswa kuingia nyumbani kwa mlango huohuo.

Mama wa boma akisema mwenyewe, siku watu wanapofika, "Mwaka huu tunasalimiana kwa mdomo, madirisha ya sebuleni yanakaa wazi, na mtoto huyu habusiwi na mtu, hata mimi," mambo yamekwisha. Mkaza mwana hatalaumiwa, kijana wa magunia hatatengwa, na shangazi akiambiwa apumzike ataona ni sheria ya nyumba. Mzee anayekataa kusema neno hilo anawaachia vijana kazi ya kufunga nyuzi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanaondoa raha ya Krismasi, kwamba sherehe ya kupimana na kuulizana maswali si sherehe. Nawaelewa. Ila hiyo raha wanayoikumbuka ilikuwa na gharama ambayo mara nyingi ililipwa Januari, na mtu ambaye hakuulizwa. Anayeogopa aseme mapema, anayeumwa aseme ukweli, na mzee atangaze kanuni mbele ya wote. Yakishindikana hayo matatu, afadhali kila mtu ale Krismasi kwake na tutumiane nyama kwa bodaboda, kuliko kula pamoja na kununiana mpaka Pasaka.